Una Hakika?

Kompyuta saba zilivuka feri kwa mkokoteni
hadi shuleni kwetu Mtongwe,
zimefungwa blanketi kama wagonjwa.
Mwalimu mkuu akatia sahihi, akanigeukia:
"Ndaro, si wewe ndiye wazijua hizi?"
Nilizijua, kiasi cha kuziharibu.

Ya kwanza ikawaka, ikatusalimu Kijerumani.
Watoto wakacheka. Nami nikacheka,
maana sikuwa na la kujibu.

Mwaka jana nilinunua mfumo Mwembe Tayari,
sidii ya shilingi hamsini, jina limeandikwa kwa kalamu.
Ulikuja na wageni wake.
Kufikia Ijumaa kila faili la mtihani
lilikuwa njia ya mkato isiyofika popote.

Safari hii nimeupakua mwenyewe,
saa nane za usiku, bando zikiwa nafuu,
kisha tukaihakiki ile hesabu yake ndefu,
herufi na tarakimu sitini na nne,
Mejumaa akisoma kwenye simu, mimi nikifuata kwa kidole:
tatu, efu, tisa, sifuri, a...
kama watu wawili wanaohesabu pesa za matanga:
hakuna anayemshuku mwenziwe,
na hakuna anayeruka noti.
Ikalingana.
Nikautia kwenye flashi, flashi nikaivaa shingoni.
Mke wangu akauliza hirizi hiyo nimeandikiwa na nani.

Ya nne ndiyo iliyonikwamisha.
Nilifungua diski kabla ya kuifuta,
nikitafuta dereva ya sauti, wallahi, si jingine,
nikakuta mtoto kwenye theluji, amevaa kofia.
Vyeti vya daktari. Barua ishirini na kitu
kwa lugha nisiyoijua ila neno moja,
*Mama*, mstari wa kwanza wa kila barua.
Mwenyewe alidhani amefuta.
Alitupa jaani, jaa hakulimwaga.

Nikafunga.
Nimewahi kumwosha baba yangu mdogo:
shuka haiondoki, mkono hupita chini yake,
na ulichokiona hukukiona.
Nikachagua diski nzima, sifuri juu ya kila kitu,
mara tatu, japo moja yatosha.
Ikaniuliza, kwa lugha yangu sasa:
Una hakika?
Nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Kisha mfumo mpya. Asilimia sabini na moja,
stima ikapotea.
Mejumaa akashika kichwa.
"Hakuna aliyekufa," nikamwambia, nikigusa shingo.
"Asili tunayo."
Tukala kachri za Bi Swafiya mpaka taa zikarudi,
tukaanza tena kwenye sifuri.

Majina niliwaachia watoto.
Pipa la taka walilikataa: hapa kwetu ni jaa.
Uso wa mbele ulichukua vipindi viwili.
Mwaruwa alitaka dawati, Zuena alitaka uga,
tukapiga kura, ikashinda baraza:
mahali unapoketi kabla hujakaribishwa ndani.
Na nyuma ya baraza wakaweka picha ya leso
ya mamake Zuena, pindo kwa pindo, na maneno yake:
NILICHOKIFUNIKA NAKIJUA MWENYEWE.

Nikawafundisha nywila. Isiwe jina, isiwe tarehe,
isiwe timu ya mpira.
Zuena akanyoosha mkono: "Mwalimu, yangu ngumu kabisa!"
akaitaja yote,
na darasa zima likaandika.

Ya saba haijawaka hadi leo.
Iko chini ya meza, twaichomoa skrubu
kila mwenziwe anapougua.
Ya nne yaenda vizuri, ila huchelewa kuamka,
na katika ule weusi kabla ya baraza
mimi huona uso wangu, na nyuma yake dirisha.
Hata mke wangu sijamwambia
rangi ya ile kofia.