Siku Zisizohesabiwa

Meza ya jikoni, Detroit. Aprili, na theluji chafu bado pembeni mwa njia.
Nimezitandaza karatasi kama mtu anayeanika nguo ndani ya nyumba.
Upande ule wa mto, Windsor, kodi ya kwetu.
Upande huu, kodi ya kwao.
Katikati daraja, na mimi,
na slipu moja ya benki inayodai
kwamba mwaka jana Noémie Drouillard alipata kipato.

Kipato! Mimi ninayekula tambi siku tano kwa wiki.

Ni akiba ya bibi, Léontine,
aliyeshona viti vya magari miaka thelathini na mmoja.
Tangu wiki niliyozaliwa, dola arobaini kila mwezi,
akizipeleka benki kwa miguu, kwa kuwa posta hakuiamini.
Serikali ikaongeza kidogo juu. Soko likazalisha lake.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila methali haisemi kikishajaa
nani atakuja na kijiko.

Bwana Szymanski wa ofisi ya wanafunzi alinieleza polepole:
"Alichoweka yeye hakitozwi, jasho lilishakatwa.
Kinachotozwa ni kilichozaliwa humo, pamoja na ruzuku,
tena kwa jina lako, si lake."
Nikauliza: na upande huu wanakiitaje?
Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.
"Hapo," akasema, "inategemea unamuuliza nani."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huku ya tatu anapewa fomu,
na iliyo nyepesi kuliko zote inasema hivi:
wewe mwanafunzi wa kigeni, siku zako hazihesabiwi;
hata hivyo, ziandike.

Basi nikafungua sanduku la viatu, risiti za daraja.
Septemba nne: ameanguka bafuni.
Septemba kumi na moja: supu, ikamwagika begini,
risiti inanuka kitunguu hadi leo.
Oktoba nane, tisa, kumi: figo.
Novemba sita, foleni ya malori,
ofisa akainama dirishani: una chochote cha kutamka?
Nikasema sina.
Kisha hakuna risiti ya kurudi mpaka tarehe kumi na nne.

Nikajumlisha. Nikakosea. Nikajumlisha tena.
Siku mia mbili na kumi na mbili nilikuwa huku.
Zile za kule, fomu haikuziuliza.

Windsor sidaiwi kitu, kipato chenyewe hakifiki.
Detroit, Bwana Szymanski ameacha alama ya kuuliza
kwa penseli, ndogo, kama anayeona haya.

Chini ya risiti kulikuwa na daftari lake,
miezi mia mbili na ushee kwa mwandiko uliolalia kushoto,
arobaini, arobaini, arobaini,
na Februari moja, nikiwa na miaka sita:
*ishirini na tano tu. Noémie viatu vya theluji. Samahani.*

Alikuwa akimwomba nani radhi, sijui.
Benki haisomi pembeni mwa daftari.

Nimetia sahihi mara mbili, kwa nchi mbili, kalamu moja.
Kesho nitakwenda posta.
Kwa miguu.