Kwanza Rula

Miaka tisa naendesha lori la madini kule Pilbara,
lori ambalo gurudumu lake ni mara mbili ya kimo changu,
na katika nchi ile nyekundu, vichuguu hadi upeo wa macho,
sikuwahi kumwona chatu wa vichuguu hata mmoja.

Nilikuja kumkuta Armadale, chumbani kwa binti yangu,
ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa ya joto,
amejikunja juu ya gome, rangi ya tofali,
unene wa kidole gumba,
akili yote kwenye ulimi.
"Anaitwa Biskuti," Odette akasema.
"Ana kibali cha serikali. Wewe unacho?"

Nikacheka. Nikatia mkono.

Sikusikia kitu. Nilihisi tu
kama brashi ya waya imepita haraka,
na nilipotazama alikuwa tayari kajizungusha mara mbili
kwenye kidole changu cha shahada,
ananikaba kwa nguvu zake zote za gramu tisini,
macho makavu, hana haraka,
kama mtu aliyekabidhiwa kazi.

Nilitaka kuvuta. Nani asingevuta?
"Usivute, Baba! Meno yake yameinamia ndani.
Utayang'oa."
Huruma ilikuwa ya meno, si ya kidole;
hilo nililisikia.

Akaniongoza hadi bombani kwa kunishika kiwiko.
Maji baridi, uzi mwembamba tu, juu ya kichwa chake kidogo.
Tukasubiri. Odette anahesabu.
Kwenye arobaini na moja akaachia,
akapiga mwayo mpana, akazirudisha taya mahali pake
kama babu anayeweka sawa meno ya bandia.
Damu: vitone vinane, vimepangwa upinde.

Kosa, nikaambiwa, lilikuwa langu.
Nilikuwa nimetoka kumsaidia kuyeyusha vichanga vya panya
(kwenye kikombe changu cha chai, lakini tuliache hilo)
na mkono unaonuka panya ni panya.
"Hana ubaya," akasema. "Hajajua tu
kama wewe ni mtu au ni chakula."

Ndipo nikafundishwa hodi.
Rula ya plastiki, ya sentimita thelathini,
jina lake la darasa la pili limefifia ubavuni.
Kwanza rula, mkono baadaye.
Mguse ubavuni, taratibu, mara mbili. Ngoja.
Shingo ikibaki imekunjwa kama ndoana, funga, nenda zako.
Ikilegea, ulimi ukatoka kuuliza,
mpitishie kiganja kwa chini.
Kinachokuja kwa juu, kwake, ni mwewe.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka
akiona unyasi hushtuka.
Mimi ni waya wa chaja, saa nane za usiku,
ulionirusha ukutani nikiwa na soksi moja.

Sasa, mimi huwa narudi nyumbani
baada ya wiki mbili za zamu ya usiku.
Nalala mchana, mapazia yamefungwa,
na anayeniamsha hupata maneno
ambayo mpaka jioni siyakumbuki, yeye anayakumbuka.
Lynelle, mama yake, alivumilia miaka kumi na mmoja.
Hakuwa na rula.

Alhamisi iliyopita nilisinzia kwenye kochi, viatu mguuni.
Kitu kikanigusa begani, kwa ubavu:
kigumu, chembamba, baridi.
Kikapita taratibu. Kikapita tena.
Kisha kikangoja.

Nikafumbua jicho.
Odette alisimama mbali, umbali wa mkono na rula,
kikombe kwenye mkono wa pili,
hatazami uso wangu. Anatazama shingo.

Nililisikia neno likipanda, lina meno.
Nikalegeza shingo.

Chai ilikuwa kwenye kikombe kile kile cha panya.
Nikainywa.