Nati ya Senyagwa

Julai, Kibaigwa. Upepo unapiga kwa ubavu,
unachota vumbi na pumba za mahindi
kuyamwaga juu ya daftari langu la mafunzo kwa vitendo,
ukurasa wa tatu, safu ya mwisho:
Ulichojifunza leo.

Juzi niliandika: kutambua punje kavu kwa kuiuma.
Jana: kupanga stakabadhi kwa tarehe.
Leo kalamu imekwama.

Nina alama themanini na moja za Maadili ya Biashara.
Niliorodhesha kanuni tano, nikazipigia mstari kwa rula,
nikamhukumu mfanyabiashara aitwaye Bwana X
kwa aya mbili, kengele haijalia.
Bwana X hakuwa na uso.
Hakuwa amenitumia nauli.
Hakuwa ameninunulia chapati na maharage
asubuhi ya kwanza, nilipofika na begi lililokatika mkanda,
akasema, "Kula kwanza, Nyemo, hesabu haina haraka."

Huyu ana jina. Senyagwa.
Ana mizani ya jukwaa, rangi ya bluu,
na chini ya sahani ya kupangia mawe,
imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli,
kuna nati ya trekta.
Nyepesi kuliko mayai mawili ya kuku.
Hula kilo nane kila gunia.

Mama yule alitoka Mkoka na magunia tisa.
"Debe sita sita," alisema, "nimejaza mwenyewe,
kila debe nimelifuta kwa kijiti."
Mizani ikasema tisini na mbili.
Nikaandika tisini na mbili.
Akanitazama mimi, siyo mizani,
maana mimi ndiye niliyevaa fulana ya chuo.
"Wewe umesoma. Hebu nisomee vizuri."

Nikamsomea vizuri.
La pili, vizuri. La tatu.
La sita nilisoma nikitazama viatu vyangu.
La nane sikusikia sauti yangu,
nilisikia tu wapagazi wakihesabu wakirusha juu ya lori.

La tisa, sijui.
Ningependa kusema nilikumbuka kanuni ya pili, au ya nne.
Sikukumbuka kitu. Mkono ulishuka wenyewe,
ukavuta tyubu, nati ikaanguka vumbini
bila hata kulia.

Mia moja.

Mama hakunishukuru. Alisimama,
midomo ikitembea kimya kimya kama mtu anayerudia hesabu,
kisha akauliza:
"Na yale manane?"

Lori lilikuwa limeshafungwa turubai.
Senyagwa hakufoka. Alilipa la tisa kwa mia kamili,
akaiokota nati, akaifuta kwenye suruali.
"Mwanangu," alisema, "sahihi utaitafuta kwingine."
Na bado alinipa nauli ya kurudi Dodoma,
na mimi, kwa kuwa sikuwa nayo, nikaipokea.

Jioni ile, kabla sijaondoka, nilimfungia vitabu.
Urari ukakubali.
Debiti na krediti zikakaa sawa hadi senti,
kwani urari hauulizi tarakimu ilitoka tumbo gani.

Mafunzo nilirudia Agosti, duka la vipuri, Majengo,
ambako nati huuzwa kwa kuhesabu.
Muhuri nilipata.

Sasa wa mwaka wa kwanza huja bwenini
kuazima daftari langu la Maadili, kwa sababu ya ile themanini na moja.
Nawapa. Kanuni tano zipo, mistari imenyooka.
Pembeni, kwa penseli, kuna deni lisilo na namba ya simu:
Mama wa Mkoka. Nane mara nane. Kilo sitini na nne.

"Dada Nyemo, na hii huwa inatoka kwenye mtihani?"

"Mimi ilinitokea," nasema,
na nawapa na rula.