Pengo la Makusudi

Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
na trekta ya Bwana Lindqvist imelala uani
kama ng'ombe aliyekataa kusimama.
Mwenyewe kaketi juu ya ndoo karibu na hita,
kikombe cha kahawa mkononi,
ananitazama nikiigeuza laptopu tumbo juu.
"Odarka, si ununue mpya?"
Kipya kinyemi ingawa kidonda:
ile ya mwaka juzi, nyembamba kama mkate wa sadaka,
ilikufa kwa tone moja la dizeli.

Hii ina mpini kama sanduku la seremala.
Imeanguka kutoka juu ya kombaini mara mbili,
mara ya pili tukiwa pamoja.
Mimi nilivunjika mkono.
Yenyewe iliendelea kupima joto la mafuta.

Ila siku hizi inawaza polepole.
Naiuliza injini ina nini,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
Lindqvist anamaliza habari za goti lake
anaanza za mkwewe.

Bahasha ilifika Jumanne kutoka Winnipeg.
Ndani, kijiti cha kijani, urefu wa kidole,
safu ya meno ya dhahabu
na pengo moja, pengo la makusudi,
ili mjinga asikichomeke kinyume.
Namshukuru aliyemkumbuka mjinga.

Kwanza nagusa bomba la maji.
Januari ya Saskatchewan ni kavu, hata sweta hung'ata;
cheche ya ncha ya kidole, usiyoiona,
yaweza kuua
kile ambacho baridi, vumbi na mimi
tumeshindwa kukiua miaka kumi na moja.

Kisha skrubu. Tano.
Ya nne kichwa kimelika:
kazi ya kaka yangu Bohdan,
aliyefungua kila kitu kwa kisu cha siagi.
Naweka kipande cha mpira chini ya bisibisi,
nakandamiza, namtukana kidogo marehemu,
inageuka.

Ndani, makapi.
Ngano ya ule mwaka wa mvua, kanola,
na unywele mweupe wa mbwa
tuliyemzika nyuma ya ghala.
Napuliza vyote nje.
Unywele nauacha.

Watu hukiita kijiti hiki kumbukumbu. Uongo.
Hakikumbuki kitu.
Zima umeme, na vyote kilivyovishika vimekwenda.
Kumbukumbu zimo kwenye kisanduku kingine, upande wa kushoto:
mavuno, madeni, picha ya Bohdan
akicheka katikati ya tairi la trekta.
Hiki ni meza tu,
pahali pa kutandaza kinachokusumbua sasa hivi.
Usiku inapanguswa.
Asubuhi inangoja, haina kinyongo na mtu.
Kuna usiku ningelipa pesa nyingi
nipangusiwe yangu.

Nakiingiza kwa pembe, nakilaza. Tak.
Nawasha.
Milio mitatu, skrini nyeusi.

Lindqvist hasemi neno.
Anakunywa kahawa kwa adabu iliyozidi.

Nafungua tena, skrubu zote tano,
nayasugua meno kwa kifutio cha shule
cha mpwa wangu Taras, chenye harufu ya stroberi,
nakirudisha, safari hii bila huruma,
kama unavyomvisha mtoto buti basi la shule likipiga honi.

Mlio mmoja.
Nne za zamani, nne mpya: nane, yasema yenyewe,
bila majivuno.

Navuta waya mpaka uani, nauchomeka kwenye trekta,
narudi mbio nikiwa na barafu kwenye kope.
Goti lilikuwa limekwisha zamani,
mkwewe alikuwa ndio kwanza ameikopa lori
pale kiduara kilipozunguka mara mbili
na jibu likatokea: kihisi cha shinikizo la mafuta.
Kitu kidogo. Ninacho kabatini.

Lindqvist akatazama kikombe chake.
Bado nusu.
"Mara hii?" akasema,
na sauti yake haikuwa ya furaha.

Trekta imelala tangu Jumapili,
haitakufa kwa robo saa.
Nikammiminia kahawa, nikavuta ndoo ya pili.
"Ehe. Akaikopa lori. Halafu?"