Upande wa Mlima

Nilimuuliza Ochwo, karani wa tiketi za Kasese,
na foleni nzima nyuma yangu ikaguna:
Chumba kipi kinatazama mlima?

Aliweka mhuri kando.
Akachukua hati ya shehena ya saruji, akaigeuza,
akachora behewa kwa penseli butu:
huku vyumba, huku ujia, dirisha kwa dirisha.
"Ukienda magharibi, mlima uko kuliani.
Lakini behewa halina kulia.
Likigeuzwa Nalukolongo kwenda kuoshwa,
kilichotazama kaskazini kitatazama kusini.
Leo…" akanyoosha shingo kuitazama reli ya pili,
"leo vyumba viko upande wako. Chukua namba nne.
Mbili iko juu ya gurudumu, saba inapakana na choo."

Nikalipia nne. Vitanda viwili, cha chini cha mama.

Mama yangu, Kabugho, alikuwa ametoka Mengo,
jicho moja chini ya bandeji,
jingine limeondolewa ukungu wa miaka sita.
Nilitaka kitu kikubwa cha kwanza litakachokiona
kiwe Rwenzori, alfajiri, na theluji yake yote,
na mimi pembeni
kama mwenyeji anayemfunulia mgeni kawa.

Saa kumi na mbili jioni tukaondoka.
Mabati ya Ndeeba, migomba, mafunjo,
kisha giza likatuachia kioo chenye sura zetu wenyewe.
Mama alikula chapati nusu,
nusu akaifunga kwenye leso kwa njaa ya Nkonge,
maana njaa, alisema, huijua stesheni yake.
Nikapanda juu. Nililala na viatu miguuni,
tayari kwa mlima.

Niliamka tumeshapita Kamwenge. Kitanda cha chini kitupu,
shuka la reli limekunjwa pembe kwa pembe.
Na dirishani, upande niliouchagua, niliolipia,
wingu.
Wingu kutoka mbinguni hadi kwenye mataruma.
Nikafuta kioo kwa mkono wa shati,
kana kwamba kosa ni la kioo.

Mama alikuwa ujiani,
paji la uso kwenye dirisha la pili, lile la bure,
akihesabu.
"Thelathini na mmoja," alisema. "Swala.
Na yule aliyelala, ni nyati au ni jiwe?"
Nyasi ziliteremka, zikateremka, hadi Ziwa George,
kipande cha bati kilichosahauliwa nje usiku.
Mama, nikasema, mlima uko huku.
"Najua uliko. Nimeulima, nimeuchotea maji,
umenikalia kisogoni miaka sitini na mitatu.
Huku chini ndiko sikuwahi kukuona.
Siku zote nilikuwa nimeinama."

Nikasimama kando yake nimenuna,
mtu mzima, baba wa watoto wanne.
Ndipo aliponishika kiwiko.
"Usigeuke."

Kioo cha ujia kilikuwa bado na giza kidogo.
Mlango wa chumba nilikuwa nimeuacha wazi,
na nyuma yetu, ng'ambo ya kitanda changu kilichovurugika,
wingu lilikuwa limepasuka bila kumwuliza mtu.
Theluji ikasimama mbele yetu, ndani ya kioo,
juu ya ziwa, juu ya swala thelathini na mmoja,
nyembamba kama ukucha,
na jicho lake moja likavidaka vyote.

Nikageuka. Nani asingegeuka?
Wingu.

Mhudumu akapita kuhesabu mashuka,
akauliza, kama anavyouliza kila asubuhi,
iwapo tuliuona mlima.
"Mimi niliuona," mama alisema.
"Huyu aliulipia."