Daftari la Birika, Kibumba

Mimi ndiye mwenye kalamu. Waliniteua
kwa sababu nilifika darasa la sita
na kwa sababu sina ndugu wengi wa kuwapendelea.

Andika, wakasema. Nikaandika:
Nyirandegeya, vikapu viwili vya viazi.
Sebuhoro, mawe arobaini, meusi, yenye vitobo,
yaleyale yanayokunywa mvua yetu kabla haijatulia.
Tuombe, siku tatu za kuchimba, kwa koleo la kuazima.
Mjane wa Kaserereka: yai moja.
Nalo nikaliandika.

Mlima ulitupa udongo mzuri,
kabichi zinajaa kama vichwa vya watoto,
lakini chemchemi haukutupa hata moja.
Mvua inapiga, ardhi inameza,
na mama zetu wanateremka, bidoni mgongoni,
ukanda kipajini, mwendo wa saa mbili kwenda.
Kurudi hatuhesabu.

Mwaka ule walikuja wenye fulana nyeupe,
wakatupiga picha, wakasimika bomba na kibao.
Bomba lilikohoa siku tisa.
Kibao sasa ni mlango wa zizi la Sebuhoro;
mbuzi wameshalamba herufi za mwanzo.

Safari hii hatukungoja gari.
Viazi vilipanda chukudu, vikaserereka hadi Goma,
vikarudi simenti. Mifuko kumi na moja.
Wa kumi na mbili ulilowa njiani; upo daftarini pia.
Tukabishana juma zima: tukinge paa la nani?
La kanisa ni pana, alisema mmoja.
La shule halina dhehebu, akajibu Nyirandegeya,
na mabishano yakakosa miguu.

Mvua ya kwanza, birika likavuja.
Sifichi. Ufa mrefu kama mkono wangu,
na maji yakarudi kwa mwenyewe, kwa mlima.
Wapo waliocheka. Barakabise akadai viazi vyake.
Tuombe hakusema neno: alishuka ndani
na mwiko na mshumaa, akakaa humo hadi jioni,
sisi juu tukisikia tu anakwangua.

Jana usiku imenyesha tena.
Watu walitoka, mashuka begani,
wakasimama gizani karibu na ukuta.
Hakuna aliyechota,
sheria ni Jumamosi, bidoni moja moja.
Walisikiliza yakijaa.

Asubuhi nimefungua daftari.
Koleo halijarudishwa.
Barakabise bado anadaiwa vikapu viwili.
Kwenye safu ya maji sikujua niweke tarakimu gani.
Nimeandika: yapo.