Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Baba alikuwa mtu wa kuzima taa.
Kiyoyozi kwake kilikuwa mgeni wa Julai,
kinakaribishwa adhuhuri, alasiri kinaagwa.
Makubadhi yake aliyashona mara tatu kwa uzi wa kuvulia samaki,
na hapa Ibra hakuna bahari.

Eda ya Mama ilipokwisha tukafungua daftari:
mimi, kwa sababu nafanya hesabu kampuni ya maji,
Mundhir, kwa sababu ni mwanamume,
na Mama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Hati za Kiarabu, maneno ya Kiswahili.
Aliandika hivyo ili wenzake wa ofisini wasisome,
akasahau kwamba nyumbani sote tunasoma.
Unga. Umeme. Karo ya Mundhir. Dawa ya presha.
Na kila tarehe ishirini na tano, siku ya mshahara,
kabla ya unga, kabla ya umeme:
Samha, riali thelathini na tatu.

Nikakohoa. Nikapindua ukurasa.
Samha.
Nikapindua.
Samha.
Kwa mwaka, mia tatu tisini na sita.
Kwa miaka tisa… kikokotoo nikakifunika kwa kiganja,
lakini aliyeuza ubani Soko la Jumatano miaka ishirini
hangoji kikokotoo.

"Elfu tatu mia tano sitini na nne," akasema Mama.
Akameza mate.
"Ana umri gani?"

Mundhir alikuwa akisoma maua ya zulia.
"Miaka kumi na mmoja."
"Astaghfirullah! Mtoto?"
"Ngamia, Mama."

Ngamia wa mbio. Watu wanne, kila mtu mguu wake:
Musallam wa kituo cha petroli, wa mbele kulia,
mapacha wa Bi Thuraya, wawili wa katikati ya ugomvi wao,
na Baba, ambaye hakusukumana na mtu,
akabakiwa na wa nyuma, wa kushoto.
Zile Ijumaa alfajiri alizosema anakwenda kuangalia zamu ya falaji
alikuwa ndani ya pikapu, kilemba kimemwanguka mabegani,
akikimbizana na vumbi kando ya uwanja
na kumpigia kelele roboti mwenye shati la kijani.

"Baba yenu? Kelele?"
"Mpaka sauti inakauka."
"Na ngamia akashinda?"
"Mara moja akawa wa nne. Walimpa Baba thamosi."
Mama akaitazama thamosi iliyokuwa mbele yetu,
ile ya zawadi ya benki,
akajimiminia kahawa, hakuinywa.

Jioni tukaenda zizini.
Samha akageuza shingo polepole, kama anayeitwa na wakwe.
Kope zake, niseme kweli, zilikuwa kope za kuvunja nyumba.

"Anakula nini?" Mama akamuuliza mlezi,
Abdelgadir, mtu wa Kassala, mwenye ndoo mkononi.
"Majani. Tende. Samli wakati wa baridi. Jumatatu, asali."
"Asali."
"Ya mkunazi, mama. Mzee aliileta mwenyewe."
"Mimi nikiumwa koo alinipa chumvi nisukutue."

Abdelgadir akacheka, kisha akaona haya,
akasema taratibu, macho kwenye ndoo,
kwamba ule mguu haujalipiwa miezi minne.

Nikaanza: thelathini na tatu mara nne…
Mama alikwisha kuzunguka nyuma,
buibui limekusanywa mkono mmoja, viatu ndani ya samadi.
"Huko anapiga teke!" Abdelgadir akapaza sauti.

Mama akaweka kiganja juu ya goti lenye sugu,
akakiacha pale
muda ambao mtu hupima joto la mgonjwa.

"Huu hauwezi kunipiga," akasema. "Huu wangu."

Ilikuwa tarehe ishirini na nne.